Jina la Kuazima: Historia ya Kuvu ya Mizizi ya Chai

Mtu asafiriye kutoka Kericho kwenda Bomet huona nchi iliyofunikwa kwa zulia moja la kijani. Vilima hupanda na kushuka, mvua hunyesha karibu kila alasiri, na michai imesimama bega kwa bega, imekatwa sawasawa juu kana kwamba imenyolewa na kinyozi mmoja. Lakini jicho likitazama kwa makini hukuta katika zulia hilo tundu hapa na tundu pale: mahali ambapo michai mitano, kumi au ishirini imekauka, majani yake yakining'inia bado juu ya matawi, na kando yake mingine imeanza kugeuka manjano. Baada ya mwaka mmoja au miwili tundu hilo huwa pana zaidi. Adui aliyelitoboa haonekani, maana kazi yake huifanya chini ya ardhi.

Adui huyo ni kuvu. Insha hii yataka kusimulia historia yake, na hasa historia ya jina lake. Maana kwa muda mrefu kuvu hiyo iliitwa kwa jina la kuazima, lililotoka nchi ya mbali, na jina hilo likawafanya watu waamini kwamba wanaijua, kumbe hawajaijua. Wahenga wamesema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Jina la kuazima nalo halisitiri ujinga. Huufunika kwa muda tu.

Kwanza yafaa kueleza kuvu ni kitu gani. Watu wengi hudhani kwamba uyoga ndio kuvu nzima. Sivyo. Uyoga kwa kuvu ni kama embe kwa mwembe: ni tunda, na kazi yake ni kueneza mbegu, ambazo kwa kuvu ni vumbi laini sana. Mwili wenyewe wa kuvu ni nyuzi nyembamba kuliko unywele, zinazotambaa katika udongo, katika majani yaozayo na katika mbao. Kuvu si mmea, kwa kuwa haina ukijani wa kujitengenezea chakula kwa nuru ya jua. Wala si mnyama. Nyingi hula vitu vilivyokwisha kufa, na lau kuvu hizo zisingekuwako misitu ingezikwa chini ya magogo yake yenyewe. Nyingine huishi na mizizi ya miti kwa amani, zikipeana nayo chakula. Lakini ziko pia zinazoua.

Kuvu inayotuhusu ni ya jenasi iitwayo Armillaria. Huingia katika mzizi, hupenya chini ya gome, na huko hutandaza utando mweupe wenye harufu ya uyoga, ikiula mti ungali hai. Shina hupasuka karibu na ardhi, majani hugeuka manjano, mti hufa. Hata baada ya mti kufa kuvu haiondoki. Hukaa katika kisiki na katika mizizi mikubwa kwa miaka mingi, ikingoja mzizi wa mti jirani uje uguse ule uliooza. Hivyo ndivyo tundu linavyokua: kwa mguso wa mzizi na mzizi, polepole, bila ya sauti.

Mchai ni mgeni katika nchi yetu. Ulipandwa mara ya kwanza Limuru mwaka 1903 na mlowezi aliyeitwa G. W. L. Caine. Katika Kericho mashamba makubwa ya biashara yalianza katikati ya miaka ya 1920, yakiongozwa na kampuni za Brooke Bond na James Finlay. Nchi ile ilikuwa ya Wakipsigis, nchi ya malisho, ya mashamba ya wimbi na ya misitu, na serikali ya kikoloni ilikuwa imekwisha kutwaa sehemu kubwa yake na kuwagawia walowezi na makampuni. Miti ikaangushwa ili chai ipandwe. Sasa mti uangushwapo, kisiki na mizizi yake hubaki ardhini ikiwa imejaa wanga, nao ni chakula kwa kuvu. Ile kuvu iliyokuwa ikiishi kwa kadiri katika mizizi ya msitu ilijikuta mbele ya karamu. Na baada ya karamu ya visiki ikaandaliwa karamu ya pili: maelfu ya michai katika kila hekta, mizizi yake ikishikana kama vidole vya mikono miwili.

Baadaye chai iliacha kuwa mali ya makampuni peke yake. Mwaka 1964 liliundwa shirika la kustawisha chai ya wakulima wadogo, lijulikanalo kwa herufi KTDA, na familia nyingi za Kericho na Bomet zikapanda michai katika ekari mbili tatu zilizokuwa zao. Leo wakulima wadogo wa chai katika Kenya nzima ni zaidi ya nusu milioni. Kwa kampuni yenye maelfu ya hekta, tundu la michai ishirini ni hasara ndogo iandikwayo katika daftari. Kwa mjane mwenye nusu ekari, tundu hilo ni ada ya mtoto mmoja. Msomaji na alikumbuke hilo kila tutakapotaja majina ya Kilatini.

Tuje sasa kwenye jina. Mwaka 1790 mtaalamu wa mimea Martin Vahl aliueleza uyoga fulani wa rangi ya asali katika Flora Danica, kitabu kikubwa cha picha za mimea ya ufalme wa Denmark. Akauita Agaricus melleus, yaani uyoga wa asali. Mwaka 1871 Mjerumani Paul Kummer aliutia katika jenasi Armillaria, neno litokanalo na Kilatini cha bangili, kwa sababu shina la uyoga huo huvaa pete mfano wa bangili. Tangu hapo ukaitwa Armillaria mellea. Mwaka 1874 Mjerumani mwingine, Robert Hartig, alionyesha kwamba zile kamba nyeusi zilizoonekana chini ya magome ya miti iliyokufa, ambazo watu walidhani ni kuvu nyingine yenye jina lake, zilikuwa ni mwili wa uyoga huo huo. Yaani majina mawili yakawa kitu kimoja. Hayo yalikuwa maendeleo makubwa ya elimu.

Lakini maendeleo hayo yalizaa uvivu. Tangu siku zile, kila mahali duniani palipoonekana mti uliokufa kwa utando mweupe chini ya gome, mtaalamu aliandika Armillaria mellea, akafunga daftari lake. Jina lililotolewa kwa uyoga wa misitu ya baridi ya Denmark likapanda meli, likafika Ceylon, Nyasaland na Kenya. Si wote waliolipokea bila ya kuuliza. Huko Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, Tom Petch aliandika mwaka 1909 juu ya uyoga wa jamii hiyo aliouona kuwa si ule wa Ulaya, akauita Armillaria fuscipes, maana yake wenye mguu wa rangi ya giza. Hata hivyo katika maandishi mengi ya kilimo lile jina la Denmark ndilo lililoendelea kutawala, na katika Afrika ya Mashariki vivyo hivyo.

Haki hutaka tuseme pia kwamba jina lisilo sahihi halikuzuia kila jambo jema. Katika mashamba ya chai ya Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, R. Leach alichunguza kwa nini kuvu ilipenda sana visiki vya miti iliyokatwa ghafula. Mwaka 1937 alitangaza dawa yake, na dawa hiyo haikuwa ya chupa. Kabla ya kuangusha mti, bambua gome lake kwa kulizungusha shina lote, kisha uuache usimame. Majani hayawezi tena kupeleka chakula mizizini. Mizizi hutumia akiba yake mpaka wanga uishe. Na mti ukiangushwa baadaye, kuvu hukuta ghala tupu. Njia hiyo ilienea katika nchi za chai za Afrika ya Mashariki na ingali ikifundishwa. Leach aliita kuvu yake Armillaria mellea. Jina halikuwa la kutegemewa, lakini macho yake yalikuwa mazuri. Basi tusije tukadhani kwamba waliotutangulia walikuwa wajinga kwa sababu tu vyombo vyao vilikuwa vichache.

Upungufu wa jina ulianza kuonekana wazi baada ya miaka ya 1970. Mwaka 1977 David Pegler wa bustani za Kew, Uingereza, alitoa kitabu juu ya uyoga wa Afrika ya Mashariki, na humo akaieleza Armillaria heimii, kwa heshima ya Mfaransa Roger Heim. Mwaka uliofuata, 1978, Kari Korhonen wa Finland alitoa habari iliyowashtua wataalamu. Alikuwa amekusanya kuvu nyingi za Ulaya, zote zikiitwa Armillaria mellea, akazikutanisha mbili mbili katika sahani za maabara ili aone zipi zitaoana. Nyingine zilioana, nyingine zilikataa katakata. Akapata makundi matano yasiyooana. Mwaka 1979 James Anderson na Robert Ullrich walifanya hivyo huko Amerika ya Kaskazini, wakapata makundi kumi. Viumbe visivyoweza kuzaa pamoja si spishi moja. Kwa hiyo kile kilichoitwa kuvu moja ya dunia nzima kilikuwa ni ukoo mkubwa uliojificha nyuma ya jina moja.

Swali likageuka na kuielekea Kericho. Ikiwa hata Ulaya yenyewe, mahali pa asili ya jina, ilikuwa na kuvu tano badala ya moja, je, ile iliayo michai yetu ni ipi?

Kulijibu swali hilo kwa njia za zamani kulikuwa kugumu kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza ni kwamba kuvu hii katika mashamba ya chai ni nadra kutoa uyoga. Mchunguzi hukuta utando mweupe, hukuta mzizi uliopasuka, lakini tunda ambalo Vahl na Petch walilitumia kutofautisha spishi halipo. Ni kama kutakiwa kumtambua mtu kwa kutazama kanzu yake iliyoanikwa. Sababu ya pili ni kwamba baadhi ya kuvu za Afrika hazihitaji mwenzi ili zizae. Kila moja hujitosheleza. Basi jaribio la Korhonen, la kuziweka mbili pamoja na kuona kama zitaoana, haliwezi kutoa jibu lililo wazi kwa kuvu za namna hiyo. Ilibidi pawe na njia nyingine ya kusoma nasaba.

Njia hiyo ilikuwa ikitengenezwa mahali pengine, na watu ambao hawakuifikiria chai. Katika kila seli ya kiumbe hai mna uzi mrefu wa vinasaba, ambao wataalamu huuita DNA. Uzi huo ni kama maandishi ya herufi nne tu, A, C, G na T, zikifuatana kwa mpango ambao mtoto huurithi kwa wazazi. Umbo la uzi huo lilielezwa mwaka 1953 na James Watson na Francis Crick, wakisaidiwa na picha zilizotokana na kazi ya Rosalind Franklin. Mwaka 1977 Frederick Sanger alitoa njia nzuri ya kuzisoma herufi hizo kwa mfuatano. Mwaka 1983 Kary Mullis alibuni njia ya kukizidisha kipande kidogo cha vinasaba mara mamilioni katika saa chache, hata chembe ya utando iliyokwaruzwa chini ya gome ikatosha kusomwa.

Lakini uzi wa kuvu una herufi mamilioni mengi. Mtu asome wapi? Jibu lilitolewa mwaka 1990 na T. J. White, T. Bruns, S. Lee na J. Taylor. Msomaji aufikirie wimbo wenye kiitikio kimoja kinachojulikana na watu wote, na beti ambazo kila kijiji huimba kwa maneno yake. Katika vinasaba vya kuvu mna sehemu zilizo kama kiitikio, ambazo karibu hazibadiliki kutoka kuvu hata kuvu, kwa sababu kazi yake ni ya lazima kwa uhai. Katikati ya viitikio hivyo mna sehemu ambayo haibanwi sana na kazi hiyo, na kwa hiyo imebadilika-badilika katika kila ukoo. Mtaalamu hukamata viitikio pande zote mbili, akauzidisha ubeti ulio katikati, akausoma. Ubeti huo, wenye herufi mia kadhaa tu, huitwa kwa kifupi ITS. Mwaka 2012 wataalamu wa nchi nyingi, wakiongozwa na Conrad Schoch, walipendekeza kwamba huo ndio uwe alama rasmi ya kuzitambulia kuvu.

Hata hivyo herufi mia kadhaa, zikiwa peke yake, hazimwambii mtu kitu. Mtoto aliyeokotwa njiani aweza kulitaja jina la babu yake. Lakini ikiwa hakuna mzee wa kulitambua jina hilo, hajulikani bado ni wa ukoo gani. Hapana budi pawe na daftari la kulinganishia. Daftari la namna hiyo lilifunguliwa Ulaya, katika mji wa Heidelberg, mwaka 1980. La Marekani, liitwalo GenBank, likafuata mwaka 1982. Na baadaye Japani ikafungua lake. Madaftari hayo matatu hubadilishana habari, na mtu yeyote mwenye intaneti, awe Kericho au Kyoto, aweza kuyasoma bila ya malipo. Baadaye wataalamu wa kuvu waliona kwamba wanahitaji hifadhidata yao wenyewe, yenye kuchunguzwa na watu waijuao kazi, wakaanzisha ile iitwayo UNITE, yenye makao yake katika mji wa Tartu, Estonia.

Kisha siku ya kuisoma kuvu ya chai ikafika. Utafiti wa chai katika Kericho una historia ndefu: taasisi ya utafiti wa chai ya Afrika ya Mashariki iliundwa huko mwaka 1951, na baada ya Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ya wakati ule kuvunjika mwaka 1977, kazi yake ilirithiwa mwaka 1980 na taasisi ya Kenya. Mwaka 1997 J. M. Onsando pamoja na wenzake P. M. Wargo na S. W. Waudo walitoa maelezo juu ya kuenea kwa ugonjwa huu katika mashamba ya chai ya Kenya. Mwaka 2003 W. Otieno, A. Pérez-Sierra na A. Termorshuizen waliandika juu ya tabia za Armillaria zilizotolewa katika michai ya nchi yetu. Mwaka 2006 E. Mwenje na wenzake wakazitambua kuvu za chai ya Kenya kwa vimeng'enya na kwa mfuatano wa vinasaba.

Tafiti hizo, pamoja na nyingine zilizofanywa juu ya kuvu za Afrika kusini ya Sahara, zilileta habari tatu kubwa. Ya kwanza ni kwamba michai ya Kenya haishambuliwi na kuvu ya spishi moja, bali zaidi ya moja. Ya pili ni kwamba Armillaria fuscipes, ile iliyopewa jina na Petch huko Ceylon, imo miongoni mwake, na wataalamu wengi sasa huona kwamba Armillaria heimii ya Pegler si kitu mbali nayo. Kuvu hizi za Afrika zina nasaba yake zenyewe, mbali sana na zile za Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Zilikuwamo katika misitu yetu kabla ya mchai wa kwanza, na kabla ya Denmark kuwa na kitabu cha mimea. Ya tatu ni kwamba Armillaria mellea ya kweli nayo imepatikana Afrika. Lakini ile ijitoshelezayo bila ya mwenzi ina vinasaba vilivyo karibu sana na vya Japani. Yaani hata pale jina la Vahl lilipokuwa sahihi, huenda kuvu haikuja kwa njia tuliyoidhani.

Mfano wa jambo hili ulionekana wazi Cape Town. Huko mna bustani iliyoanzishwa na Waholanzi mwaka 1652 kwa ajili ya kulisha mabaharia, na miti yake mingine ilikuwa ikifa kwa kuoza mizizi. Mwaka 2001 M. P. A. Coetzee na wenzake walitangaza kwamba walizisoma herufi za kuvu ile, wakaona kuwa ni Armillaria mellea ya Ulaya, wala si ya Afrika. Waliamua kwamba yamkini iliingia miaka kama 300 iliyopita, pamoja na miche iliyoletwa na Waholanzi wa kwanza. Hakuna mwandishi wa siku zile aliyeandika, "Leo tumeleta kuvu." Lakini kuvu yenyewe ilikuwa imeyahifadhi maandishi hayo mwilini mwake. Kwa hiyo vinasaba ni hati za historia pia, na mwanafunzi wa historia hana sababu ya kuwaachia wanafunzi wa sayansi peke yao.

Huenda mtu akasema: mjane mwenye nusu ekari atafaidi nini kwa habari hizi? Ikiwa mchai umekufa, umekufa, kwa jina hili au lile. Hoja hiyo ina nguvu, nayo yastahili jibu la mambo ya hakika.

Kwanza, asili ya adui hufundisha njia ya kumzuia. Ikiwa kuvu ni ya msitu wetu wenyewe, basi hatari iko katika visiki na mizizi ya miti ya kale, na kazi ya lazima ni kubambua magome kabla ya kuangusha miti, na kuing'oa mizizi yote minene kabla ya kupanda. Ikiwa kuvu imeletwa kutoka ng'ambo, hapana budi pia kuangalia udongo na miche inayohamishwa kutoka shamba hadi shamba, na kutoka nchi hadi nchi. Pili, dawa au mbegu iliyojaribiwa kwa adui mmoja haiwezi kuaminiwa kwa adui mwingine kabla ya kujaribiwa tena. Otieno na wenzake, mathalan, walijaribu kuitumia kuvu nyingine, Trichoderma harzianum, pamoja na maganda ya kahawa, ili kuipunguza Armillaria katika udongo. Majaribio ya namna hiyo hayana maana kamili mpaka ijulikane ni Armillaria ipi iliyotiwa katika chungu. Tatu, kuna kuvu nyingine zinazoozesha mizizi ya michai. Mkulima akimkosea adui yake aweza kuchimba mahali pasipohitajika na kuacha palipohitajika, na jasho la mwaka mzima likapotea.

Hata hivyo itakuwa ni kosa kumwambia kijana kwamba mashine imekwisha kumaliza kazi. Hifadhidata ni daftari, na daftari huandikwa na watu. Mwaka 2006 R. H. Nilsson na wenzake waliyachunguza maandishi ya kuvu katika madaftari ya dunia, wakakadiria kwamba kama asilimia 20 yana jina la spishi lisilo sahihi. Fikiri basi: mtu mmoja akiandika Armillaria mellea juu ya kuvu asiyoijua vema, kila mchunguzi atakayelinganisha kuvu yake na ile atapewa jina lile lile, naye ataliandika, na kosa moja litazaa mia. Ule uvivu wa karne ya 19 haukufa. Umepata farasi wa mbio zaidi.

Tena ubeti mmoja hautoshi kila mara. Katika jenasi Armillaria ziko spishi zilizo karibu mno hata ITS haiwezi kuzitenga vizuri, na wataalamu hulazimika kusoma sehemu nyingine za uzi. Kadhalika, herufi bila ya kielelezo ni ushahidi bila ya shahidi. Ndiyo maana kipande kikavu cha kuvu huhifadhiwa katika majumba kama lile la hifadhi ya mimea ya Afrika ya Mashariki lililoko Nairobi, ili atakayeshuku baada ya miaka 50 aweze kukifunua na kukitazama upya.

Na kuna upungufu mwingine unaotuhusu sisi zaidi. Mwaka 2017 David Hawksworth na Robert Lücking walikadiria kwamba spishi za kuvu duniani ni kati ya milioni 2.2 na milioni 3.8, zilizokuwa zimekwisha kupewa majina wakati ule zilikuwa kama 120,000. Kurasa nyingi za daftari zimejazwa na nchi za kaskazini, zenye maabara nyingi na wachunguzi wengi. Kurasa za Afrika ni chache. Mtu wa Bomet akiisoma kuvu ya msituni kwake, mara nyingi daftari humjibu kwa jina la jirani wa mbali, kwa kuwa ndugu wa karibu hajaandikwa. Hapo jaribu ni lile lile lililowapata wa zamani: kulichukua jina la mbali na kufunga kitabu. UNITE imejaribu kulizuia jambo hilo kwa kulipa kila kundi la vinasaba nambari yake, hata kama halina jina bado, ili lisivishwe nguo ya mwingine. Nambari si jina zuri, lakini haisemi uongo.

Miongoni mwa kuvu za Armillaria zilizotambuliwa kwa vinasaba kusini ya Sahara, tafiti zimeonyesha zilizo tofauti na fuscipes, ambazo wataalamu waliziita kwa nambari za makundi tu, kwa kuwa hazikuwa zimeelezwa rasmi. Ili spishi ipewe jina hapana budi mtu aone uyoga wake, aupime, aukaushe, auhifadhi, aandike tarehe, mahali, mti ulioota juu yake na jina la aliyeuokota. Kazi hiyo haihitaji mashine yenye thamani kubwa. Yahitaji mtu aliyepo mahali penyewe siku uyoga utakapotoka, maana haukai. Baada ya siku chache umeoza. Mtu huyo si lazima atoke mbali. Aweza kuwa mchuma chai, au mwanafunzi apitaye kando ya kisiki akienda shule baada ya mvua, naye akajua kwamba alichokiona chastahili kuandikwa.